Gari Alilolipitisha Kaka

Nyumbani, 3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimepiga simu mpaka nimechoka, kila mara anapokea wifi na kuniambia uko chini ya gari. Mtu gani anaishi chini ya magari kama paka? Basi nimekubali masharti yako, naandika barua kama alivyokuwa akiandika marehemu baba, na kondakta wa basi la asubuhi ataifikisha gereji. Ameniomba isiwe nene, kana kwamba ataibeba kichwani.

Shida yenyewe unaijua nusu. Figo za shemeji yako zimekataa kazi kabisa. Sasa anasafishwa damu kwa mashine, na mashine iko hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima. Mara tunakwenda na teksi ya jirani, mara na pikapu ya muuza mbao, mara tunakosa vyote na siku inapita tumekaa barazani tumevaa. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba siku zikipita maji yanajaa mwilini, na yakishafika kwenye mapafu yeye hana la kufanya. Shemeji yako akacheka, akasema amepima ardhi ya watu maisha yake yote, hakujua kama na yeye atapimwa maji.

Tumeuza kile kiwanja cha kona. Nataka gari lililotumika ila lisilochoka. Si jipi la wakubwa, si gari la chini la kusugua tumbo kwenye matuta. Nataka lile la katikati, la familia, lililoinuka kidogo, kiti cha mbele kilale ili mgonjwa ajinyooshe, na watoto wakae nyuma na mabegi yao ya shule.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, injini siijui. Wewe ndiye uliyekuwa ukiegemeza bisibisi kwenye injini na kuweka mpini sikioni, kisha unataja kilichooza ndani hata kabla hakijafunguliwa. Ukoo mzima haujawahi kununua hata pikipiki bila wewe kuisikiliza. Sitaanza mimi.

Mdogo wako,
Mwalimu


Gereji, 10 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu nimempa wifi yako kwa sababu mikono yangu ina oili tangu asubuhi hadi jioni, na watu wa simu wanapiga kelele bila kusema kitu. Mwenye barua anafikiri kwanza. Tuendelee hivi hivi.

Habari za shemeji zimenikata maini. Mwambie asife, bado hajanipa mkono wa kushindwa bao tulilocheza mwaka jana.

Juzi dalali ameniletea gari hadi mlangoni, jekundu, linang'aa, viti vimepuliziwa manukato. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipoona limekuja lenyewe nikajua lina lake. Sikufungua boneti kwanza. Nilivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa, pale ambapo hakuna mtu anayeufikisha siku za kawaida. Sehemu iliyokuwa imejificha ilikuwa na mstari wa kahawia, wa tope. Nikainua zulia, nikaona bolti za viti zimeshika kutu. Gari hilo limekaa ndani ya mafuriko, mama. Waya zake zitakufa moja moja, na utajua tu siku umesimama njiani. Dalali alipoona nimeshika mkanda akaanza kukohoa. Nikamwambia alipeleke likavuliwe samaki.

Usiwe na haraka. Rahisi ghali. Nitatafuta.

Kaka yako,
Fundi


Nyumbani, 17 Februari

Kaka,

Nimemsomea shemeji yako barua yako, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akalala mchana kutwa. Siku hizi kicheko kinamchosha kama kulima.

Unaniambia nisiwe na haraka. Kaka, wiki iliyopita tulikosa usafiri tena. Usiku huo alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Miguu imevimba, viatu vyake vya kazi haviingii. Mtoto wa kwanza amemchorea kwenye karatasi viatu vikubwa, amevibandika ukutani.

Kwa hiyo haraka ninayo. Ila ukipata, lisikilize vizuri. Usiniletee gari la macho tu.

Mdogo wako,
Mwalimu


Gereji, 26 Februari

Mdogo wangu,

Nimelipata. La rangi ya kijivu, la familia kama ulivyotaka, kiti cha mbele kinalala kama kitanda. Mwenye gari ni mama mfamasia, anahama nchi na familia yake, ndiyo maana anauza. Dalali hayumo.

Nilifika kwake asubuhi mapema bila kumtaarifu, nikaweka kiganja juu ya boneti kabla hajatoka na funguo. Baridi kabisa. Mwenye gari bovu huliwasha kwanza lipate moto ndipo akuite, maana ugonjwa wa injini huonekana asubuhi, kama wa mlevi. Huyu hakuficha. Nimefungua kifuniko cha oili, hakina ute mweupe. Maji ya rejeta ni safi. Tairi zote nne zimelika sawasawa, maana yake ekseli imenyooka. Bolti za mabawa ya mbele zina rangi yake ya kiwandani, hazijaguswa na spana, kwa hiyo halijagonga wala kugongwa. Nimepitisha kitambaa cheupe kwenye eksozi, kimetoka na vumbi tu. Oili ya giaboksi nimeinusa, haijaungua. Mkanda wa kiti nimeuvuta mpaka mwisho, hauna doa.

Mwenyewe alikuja kusimama kando yangu injini ikiunguruma, akaongea sana, kama wenye magari wote wanavyoaga magari yao. Mama mwenye heshima. Hakuvutana nami bei. Kisha tukazunguka nalo mitaa miwili mitatu, usukani hauvuti upande, breki zinashika. Nimeweka kiganja kwenye injini, imetulia.

Umesema nilisikilize vizuri. Tangu lini fundi anafundishwa na mwalimu wa hesabu? Gari hili nimelipitisha. Nunua.

Dereva atalileta wiki ijayo.

Kaka yako,
Fundi


Nyumbani, 14 Machi

Kaka,

Gari lilifika jioni, dereva amefungulia redio mpaka majirani wakatoka nje kuangalia nani anaoa. Shemeji yako alivaa shati la kazini, akakaa kiti cha mbele uani, gari limezimwa, akakaa tu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nasafiri."

Tumeshavuka mlima nalo mara kadhaa. Hatujakosa hata siku moja. Miguu imepungua, na juzi viatu vyake vimeingia. Yule mchoraji wetu amebandua karatasi yake ukutani, anasema haina kazi tena. Sina maneno ya kukushukuru, na unajua maneno hayanipungukii.

Kitu kimoja tu. Tukipanda mlima, nikikanyaga mafuta, linatoa mluzi mwembamba upande wa chini. Tambarare haupo. Mwanzo nilidhani ni masikio yangu, lakini watoto nao wanausikia, wamekuwa wanauigiza. Nilipiga simu kutoka mle mle garini ili wifi akuwekee sikioni usikie mwenyewe. Akasema umelala. Saa nne asubuhi, Kaka? Unazeeka.

Niambie ni nini, na kama niache kulitumia.

Mdogo wako,
Mwalimu


Gereji, 23 Machi

Mdogo wangu,

Nafurahi kwa viatu vya shemeji.

Mluzi huo ni wa tairi. Zina meno makubwa, na lami yenu ya mlimani ina kokoto zilizochomoza. Gari likiinama nyuma wakati wa kupanda, uzito wote unakaa kwenye tairi za nyuma na zinalia. Ongeza upepo kidogo. Kama giaboksi ingekuwa mbovu ningejua siku ile ile.

Usiache. Endelea kumpeleka mgonjwa.

Kaka yako,
Fundi


Nyumbani, 2 Mei

Kaka,

Hukuja kumzika. Wifi alisema una homa. Nilikubali, kwa sababu siku ile nilikuwa nakubali kila kitu nilichoambiwa.

Nakueleza sasa kilichotokea, maana ulipelekewa habari ya kifo tu. Wiki hiyo mashine ya hospitali ilikuwa imeharibika, kwa hiyo alikuwa ameruka siku moja tayari. Ilipotengenezwa wakatuita. Tuliondoka mvua ikinyesha. Tulipofika katikati ya mlima, mluzi ukawa kilio, kisha ukanyamaza. Injini inanguruma, nakanyaga mafuta, gari haliendi. Likaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono, nikashuka, nikaweka mawe kwenye tairi kwa mikono yangu. Tulikaa pale mpaka mchana ukaisha. Alianza kupumua kama mtu anayevuta maji kwa mrija. Tulipopata watu wa kutufikisha, manesi walimchukua mbio, na asubuhi yake wakanirudishia saa yake na viatu vyake.

Fundi wa huku amefungua giaboksi. Ndani ni chuma kilichosagika. Anasema ugonjwa huo hauanzi leo wala jana, na dalili yake ya kwanza ni mluzi mlimani.

Nikasema, labda mfamasia alituuzia kwa hila. Jina lake liko kwenye kadi ya gari. Nikamtafuta, nikampata kwa simu huko alikohamia, nikamtukana. Aliningojea nimalize. Halafu akasema, "Dada, mimi nilimwambia fundi wako. Tulisimama pale gari linaunguruma, nikamwambia lina mluzi likipanda, giaboksi iangaliwe kabla halijaenda safari. Ndiyo maana sikuvutana naye bei. Aliniangalia, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa."

Aliitikia kwa kichwa. Huyo ni wewe.

Uliambiwa na ukajua. Kisha ukaniandikia kuwa umelipitisha, na nilipokuuliza kuhusu mluzi ukaniambia nijaze upepo. Nimekaa nikijumlisha na kutoa kama kazi yangu inavyonifundisha, na jibu linatoka moja tu. Bei ilishuka na wewe ukala cha juu katika pesa nilizokutumia. Umemuuza shemeji yako, tena kwa bei ya giaboksi.

Kama nimekosea nijibu. Natamani niwe nimekosea.

Mwalimu


Gereji, 9 Mei

Mdogo wangu,

Hujakosea. Nilikula cha juu.

Shida zilinibana, nikaona giaboksi itachukua mwaka kabla ya kufa. Sina la kujitetea. Usinisamehe, na watoto waambie lolote unalotaka kuhusu mjomba wao.

Ila nakuomba usiseme huko nje kwamba nililipima gari vibaya. Nililipima vizuri, roho yangu ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kaka yako


Nyuma ya gereji, 15 Mei

Wifi yangu,

Hii naituma bila yeye kujua. Nimeona nakala ya alichokuandikia, aliifanyia mazoezi kwenye karatasi nyingine kwanza, kama mtoto anayejifunza kudanganya.

Hakula kitu. Ungekuja ukaona tunavyoishi ungejua kwamba hapa hakujaliwa cha juu wala cha chini. Kaka yako hasikii, wifi. Sikio la kushoto lilikufa zamani, kwa makelele ya kompresa na kugonga bodi. La kulia lilimfuata polepole, na sasa ni mwaka wa pili hakuna kitu. Alinishika mikono akaniapisha. Ndiyo maana simu ninayo mimi, na ndiyo maana ya barua. Wateja wakija nasimama nyuma yao namwonyesha kwa vidole. Anaweka kiganja kwenye injini, anatikisa kichwa, nao wanaridhika, kwa sababu wamezoea kuwa yeye hujua. Mara nyingi kiganja kinatosha, macho yake hayana mfano. Mimi nami nikajidanganya kuwa kitatosha siku zote.

Siku ya mfamasia sikuwepo. Aliniambia yule mama aliongea sana na yeye aliitikia, kwa sababu ndivyo anavyofanya watu wakiongea.

Barua yako ya mluzi aliisoma mbele yangu, akairudia. Nikamwambia kwa vidole panda basi uende kwa dada yako. Akasema, "Nikifika watataka nisikilize." Akatoka, akawasha kila gari lililokuwa uani, moja baada ya jingine, akawa anaweka kiganja kwenye giaboksi zake, sijui alikuwa anatafuta nini. Usiku akakuandikia habari za tairi. Nilikuwa na mdomo wangu na simu mkononi, nami nilinyamaza. Hilo ni langu, sio lake.

Ulipomwita mwizi nikamwambia sasa sema ukweli, walau ndugu yako asikuchukie kwa kosa ambalo si lako. Akanijibu, "Fundi mwizi watu humpelekea magari huku wanamtukana. Fundi kiziwi wanamsalimia na kupita." Basi akachagua wizi.

Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Kwetu kilio kimekuwa cha kwako. Nisamehe ukiweza. Yeye hali, na haendi gereji.

Wifi yako


Nyumbani, 24 Mei

Kaka,

Wifi ameniandikia. Usimgombeze, ndiye mtu mzima pekee katika nyumba hiyo.

Nilikuwa nimeshaanza kumzoea kaka mwizi. Asubuhi nikiamka nilikuwa na mtu wa kumchukia, na mwizi anaeleweka, ameona kitu akakitaka. Sasa na huyo umenipokonya. Nimebaki na kaka ambaye alinipenda na bado akaniambia nijaze upepo. Huyu sijui nimweke wapi.

Ungeniambia, Kaka. Ningekucheka siku moja, si unanijua, ningekuita jina baya mbele ya watoto, halafu ningekutafutia fundi wa kukusaidia kusikiliza, na ungebaki na macho yako na kiganja chako. Ulidhani nitakuacha kwa sababu ya masikio? Marehemu hakuwa na figo, na nilimbeba mgongoni.

Kuna jambo sikuliandika katika barua ile ya msiba, kwa sababu niliona aibu kumsema marehemu. Pale mlimani, mwanzoni kabisa, lilipita lori la mchanga. Dereva alisimama mwenyewe. Akasema nafasi ya mbele ipo, ya mgonjwa, atatufikisha hospitali. Nilishafungua mlango. Shemeji yako akanishika mkono, akasema, "Tusimsumbue mtu na mvua hii. Gari limesikilizwa na kaka yako, likipoa litaondoka." Tulimshukuru yule dereva, akaenda zake. Lori lile lilifika hospitali kabla ya saa sita. Nilikwenda kuuliza.

Nami nilikubali, Kaka. Nilifunga mlango. Nilikaa nikingojea gari lipoe, kwa sababu hata mimi niliamini.

Nimeshindwa kulala na jambo hili peke yangu, ndiyo maana nakupa nusu yake. Sijakusamehe. Huenda nikakusamehe, huenda nisikusamehe, sitaki kukudanganya kwa sababu uongo umetutosha. Lakini sitaki barua yako nyingine. Barua umejifichia humo muda mrefu.

Panda basi uje. Njoo na wifi. Nitakukalisha sebuleni, kwenye mwanga, nami nitakaa mbele yako, nikueleze siku ile yote tangu tulipotoka nyumbani mpaka waliponipa viatu vyake. Nitasema polepole, uangalie midomo yangu. Usipoelewa, sema hukuelewa.

Mdogo wako